Bwana Mkubwa Amelala Tu

Basi lilipoondoka pale kwenye sinema ya mji wa Matsue, Japani, mbele yangu walikaa wazee wawili wasiojuana, mwanamke na mwanamume, wote wametoka kuangalia filamu niliyotoka kuiona mimi. Katika filamu hiyo, mtawala wa jimbo anakufa bila mrithi. Samurai wake, wakihofia shogun, mtawala mkuu wa nchi, atalifuta jimbo, wanasema bwana mkubwa amelala tu, na wanaipelekea maiti wali kila siku mpaka apatikane mtoto wa kupanga.

"Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma," alisema mama mwenye kofia ya sufu.

"Unacheka nini, mama? Mtu kafa, mzikeni. Watu wazima na panga kiunoni, wanamdanganya nani?"

"Wangefanyaje, mzee? Bwana akitangazwa kafa, na wao wamekwisha. Walitaka muda tu."

"Uongo ni uongo," mzee alikemea, mpaka dereva akamtupia jicho kwenye kioo.

"Na wewe mrithi unaye?" mama akamuuliza.

"Ninaye. Kijana wangu yuko Osaka. Atarudi kushika duka letu la tofu ya soya."

"Lini?"

"Mwaka huu kazi zimembana."

Safari hii mama hakucheka.

Basi likasimama. Mzee akainama kuaga, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye duka la tofu lililo mkabala na kituo. Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi: "Leo tumefunga." Jua lilikuwa limeufifisha wino mpaka nikasoma kwa shida. Mzee aliipangusa vumbi kwa mkono wa koti, akainyoosha pembe iliyojikunja, akazunguka kuingilia nyuma.