Kikaragosi Aliyemwogopa Mama Mkwe

Shikamooni wazee. Ndugu wengine, hamjambo? Mwenyekiti amenipa nafasi niwaeleze nilivyoponea chupuchupu kufukuzwa chuoni kwa sababu ya kibuyu. Cheka tu, mama, hata mimi sasa nacheka. Siku ile nililia.

Nilikuwa nasomea ualimu wa elimu ya watu wazima. Tulifundishwa kutengeneza vikaragosi, wale wanasesere wa kuchezeshwa kwa kamba, ili tuwavute watu vijijini waje kujifunza kusoma. Wangu nilimpa kichwa cha kibuyu, nyusi za ngozi ya mbuzi, na taya lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ukivuta kamba hii anakunja uso, ukivuta ile anacheka. Mwenzenu nikajiona fundi!

Wakatupeleka kijiji cha Machochwe kwa mazoezi. Darasa la kijiji lilikuwa na akina mama peke yao, wanaume hawakanyagi. Basi nikamsimamisha kikaragosi mbele ya mkutano, nikavuta kamba zote kwa pamoja: nyusi juu, taya chini, mikono huku na huku. Nikangoja vicheko. Havikuja. Kisha mama mmoja akauliza kwa huruma, "Mwalimu, huyo mtoto ana degedege?"

Lo! Hapo ndipo walipocheka. Walinicheka mimi.

Mkufunzi wetu, mtu mkali lakini wa haki, akaniambia, "Jumamosi unarudia. Ukishindwa, unarudi kwenu." Na kwetu Matongo baba alikuwa ameshawatambia ndugu wote kwamba binti yake anakuwa mwalimu. Ningerudi na uso gani? Kile kibuyu nikakichukia.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja nilikuwa natoka kuchota maji na mama aliyenipa malazi. Mbele yetu akatokea mkwewe, mume wa binti yake, anaswaga ng'ombe. Desturi yetu mnaijua: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Yule baba akasimama ghafla. Kwanza kichwa kikainama, halafu shingo ikageuka, mwisho miguu ikaingia kwenye mahindi, ng'ombe akawaacha wajiendee. Sura yake sikuiona hata kidogo. Lakini aibu yake, ndugu zangu nawaambia, niliiona mpaka kwenye visigino.

Nikamwuliza mama, "Ndiyo maana wanaume hawaji darasani?"

Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Kumbe wewe ulifikiri ni uvivu? Huyu atakaaje chumba kimoja na mimi?"

Nikakimbia nyumbani. Nikafungua kamba za nyusi na taya, nikabakiza za shingo, bega, kiuno na miguu. Kabla ya kuvuta kamba yoyote nikajiuliza: amesikia nini? Anaogopa nini? Nikajizoeza kwa mwili wangu mwenyewe pale uani, nasimama, nainama, nageuka, hadi majirani wakadhani nimerukwa na akili. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kungoja. Vuta moja, tulia, ndipo uvute nyingine.

Jumamosi tukacheza nje ya darasa. Kikaragosi akatoka na daftari kwapani, anakwenda kusoma kwa madaha. Nyuma ya shuka tuliyoitundika kama pazia, mwanafunzi mwenzangu akakohoa kikohozi cha mama mtu mzima. Kikaragosi akaganda. Shingo, taratibu. Bega. Mguu mmoja nyuma. Wanaume waliosimama kule mwisho wameacha hata porojo zao.

Ndipo bibi mmoja akainuka, akageuza kigoda chake, akaketi ametugeuzia mgongo. "Pita mwanangu, pita ukasome!" akakiambia kibuyu changu. "Mimi sikuoni!"

Weee! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akina mama wengine nao wakageuza vigoda. Na mwanamume mmoja, mtu na ndevu zake, akatoka kule mwisho ameinamisha kichwa, akapita katikati ya migongo ile, akaingia darasani. Wenzake wakamfuata. Mkufunzi akanipa mkono, nikajua nimebaki chuoni. Nililia tena, ila safari hii kwa furaha.

Namshukuru mkufunzi aliyenikaripia bila kunidharau. Namshukuru mama aliyenilaza na kunilisha. Ninyi vijana mnaojifunza kazi hii, msianze na uso wa kikaragosi. Anzeni na kile anachokiogopa au anachokitamani, mwili utafuata wenyewe. Na Mungu awabariki akina mama wakwe wote wa Machochwe, walioketi msimu mzima wakitazama ukuta wa nyuma wa darasa, ili wakwe zao wajue kusoma.