Maji Aliyokunywa Batuli

Ijumaa, tarehe kumi na saba Agosti mwaka 1984, saa nne asubuhi, nilimwosha mwanangu Batuli, na tangu saa ile sijanywa tena maji ya kisima chetu.

Zein, Kaltuma, sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali. Miaka thelathini nimewaosha maiti wa kike hapa mtaani Barani, na siri ya maiti haitoki kwa mwoshaji. Leo naitoa moja, ni ya dada yenu, Mungu anisamehe. Tulipomlaza chali, mabega hayakugusa ubao. Miaka thelathini na sita tu, na uti wa mgongo umekauka kama boriti. Haukuwa ukakamavu wa mauti, huo naujua. Nikamfuta kinywa, nikayaona meno ya kahawia yenye mistari, haya haya tuliyo nayo sote tuliozaliwa mtaani. Wiki mbili kabla nilimwosha Khamisa, mke wa Msellem, aliyeletwa kutoka Lamu akiwa bibi harusi, na nyumba yao hunywa maji ya mvua. Alikuwa na miaka sabini, lakini akalala sawa kama mkeka.

Ndipo nikaikumbuka karatasi. Mwaka mmoja kabla, bwana maji wa serikali alipima kisima, akaniandikia kuwa kina floridi kupita kiasi, inaharibu meno ya watoto na kukaza mifupa ya wakubwa. Hakukifunga. Alisema watu wa mtaa wasomewe, waamue wenyewe. Mimi nikaikunja, nikaitia kashani. Kisima ni wakfu wa baba yangu, nikaona kumzuia mtu kunywa ni kumkatia marehemu thawabu zake. Msellem akaja mlangoni: "Dada Mahfudha, umerithi ufunguo, hukurithi meno yetu. Isome!" Nikamjibu mbele za watu, "Kanywe mvua yako, sultani wa mapipa!" Wakacheka. Hatujasalimiana tena.

Siku ya tatu ya matanga nilikifunga kisima kwa kufuli, ndoo nikaiweka chini ya kitanda hiki. Lakini kila siku saa nne nasikia kapi la kamba ya kisima likilia. Nikitoka hakuna mtu, na kamba imelowa. Zein, umeishika kwa mkono wako, usikatae. Dada yenu anateka kwa chombo gani, na ndoo ninayo mimi?

Najua wataka kukifungua, jina letu lisianguke. Usikifungue, wala usikae na ufunguo kama nilivyokaa nao mimi. Itoe karatasi. Mwombe Msellem radhi kwa ajili yangu, aisome yeye, wanaume na wanawake wakiwapo, kisha mtaa uamue, na nyumba yetu iwe na sauti moja kama nyumba nyingine. Mpaka hapo Kabibi, mwana wa Batuli, asionje hata tone. Kuoshea hakudhuru, bwana maji alisema. Nami nioshwe kwa maji hayo. Kaltuma, utaniosha wewe. Mgongo wangu nao haulali. Usiwafiche watakaokuwapo, waache waone.

Nipe maji, mwanangu... si hayo ya kisima yaliyobaki mtungini. Ya bomba, yale ya kununua.

Radhi yangu iwe juu yenu nyote wawili, na juu ya Kabibi... Saa ngapi sasa? Nyamazeni. Hilo kapi, mwalisikia? Msitoke. Muombeeni tu.

Ya Allah, msamehe Batuli, mpanulie kaburi lake... umnyooshe mgongo alale... umnyweshe maji yasiyomdhuru. Amin.