Mashahidi wa Vidole vya Twaha

Kijiwe cha mzee Mbaraka kipo nyuma ya soko la Lushoto: benchi moja la mbao na birika la kahawa lisilopoa. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya soko, lakini haukuzuia maneno. Twaha alikaa katikati kama bwana harusi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Msumeno wa kiwanda cha mbao kule Shume ulikuwa umempunguzia vidole vitatu, na tajiri aliyekinunua kiwanda hicho serikalini alidai Twaha alijikata kwa shoka nyumbani, akichanja kuni. Kesi ya fidia ilikuwa kesho. Pembeni kabisa Zabron alipuliza kahawa yake, akiomba Mungu asiulizwe kitu. Siku ile yeye alikuwepo kiwandani, na jambo lililomkuta lilimtia aibu kuliko hata redandasi, ile barua ya kupunguzwa kazi, aliyopewa baadaye.

— Vidole niliviona vikiruka, alisema Redio, fundi viatu asiyemiliki redio. Kimoja kilinipita hapa, sikioni.

— Wewe ulikuwa Bungu msibani, alisema mzee Mbaraka.

— Nilikuwa njiani kurudi.

— Havikuruka, alisema Kristofa, ambaye kijiwe kilimpa jina la Zumbe, yaani chifu, kwa kupenda kwake kutoa amri. Vilianguka kwa utaratibu. Mimi ndiye niliyeviokota, nikavizika Rangwi kwa sala fupi.

— Zumbe, mimi Mwislamu, alisema Twaha.

— Sala ilikuwa ya vidole tu. Haikufika kwenye kiganja.

Redio hakukubali kushindwa.

— Basi hamna habari. Kimoja kimeota. Kipo kwenye shamba la kabichi, kinaelekeza watu njia ya Mtae.

Twaha alicheka hadi akashika mbavu. Kwa mashahidi wa namna hii, tajiri angeponea wapi?

Ndipo akafika wakili Jenoveva kutoka Tanga, viatu vimejaa tope. Kazi yake miaka yote ilikuwa ni kuwatetea walioumia kazini, wa mkonge, wa chai na wa mbao, hata akikusalimia hutazama mikono kabla ya uso.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Twaha, tajiri ana mashahidi wake. Hapa ni nani aliyekuwepo kiwandani siku ile?

Redio aliinamia kiatu kisicho chake. Zumbe akakumbuka ghafla kuwa kesho ana kikao cha kanisa. Twaha aliacha kucheka, akautazama mkono wake, na Zabron akamwonea huruma kupita aibu yake mwenyewe.

— Mimi nilikuwepo, alisema. Ila sikuona kitu. Nilipoona damu nilizimia.

Benchi lilitikisika kwa kicheko.

— Mpasua mbao mzima, alisema Redio akifuta machozi.

Wakili hakucheka.

— Ulizimia wapi?

— Palepale, juu ya maranda, chini ya msumeno. Twaha akanibeba kwa mkono uliobaki. Watu wakadhani ni mimi niliyekatwa, wakanikimbiza zahanati kwa gari. Yeye akaja nyuma kwa miguu.

— Basi kesho useme hivyohivyo.

Zabron aliweka kikombe chini polepole.

— Na kitambaa kitafunguliwa mbele ya hakimu?

— Lazima.

Zabron akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Twaha akasogea karibu, akampigapiga begani kwa mkono mzima.

— Usijali, ndugu yangu. Nitakubeba. Nimeshazoea.