Nizikwe na Miguu Yangu Miwili

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Mwenye kumenya magimbi aendelee kumenya, masikio hayana kazi nyingine saa hii. Mimi ni Malaki, na leo kipindi chetu kinamkumbuka mwanamke mmoja tu. Lupesina Sagapolu wa kijiji cha Malaefou, hapa hapa kisiwani Savai'i, Samoa. Amefariki akiwa na miaka sitini na sita. Amezikwa Jumamosi iliyopita, mbele ya nyumba yake.

Wengi wenu hamkumjua kwa jina hilo. Mlimjua kama Mama wa Nyayo. Basi ndiye huyo.

Kwa miaka kumi na moja Lupesina aliandika blogu. Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, aliweka picha moja na mistari michache. Na picha ile, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa ya nyayo zake. Nyayo zote mbili, wazi, zimekuelekea usoni.

Mnajua wenyewe tulivyolelewa. Ukikaa mkekani unakunja miguu, na ukiinyoosha mbele za watu unaifunika. Mtoto akimwelekezea mgeni nyayo anachapwa. Sasa mke wa shemasi, karani mstaafu wa shule, anawaelekezea nyayo watu wa dunia nzima, tena Jumapili. Kijiji kilichemka.

Na mimi nilicheka. Nakiri. Nilicheka hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki. Nikasema kuna mama kule Malaefou ameona uso wake hautoshi, ameamua kutuonyesha visigino. Hata wimbo sijaweka, simu ikalia.

"Malaki mwanangu, ni mimi mwenye visigino."

"Karibu hewani, mama."

"Wewe una sukari?"

"Ninayo kidogo."

"Sukari haina kidogo. Lini mara ya mwisho umeziangalia nyayo zako?"

Nikacheka tena. Akaniambia, "Basi vua viatu kwanza, ndipo ucheke." Akakata simu.

Nilikasirika. Jioni nikavua viatu. Chini ya kidole gumba cha kulia palikuwa na kidonda cha ukubwa wa mbegu ya papai, na sikuwa nimekisikia hata kidogo. Sitaki kusema mengi kuhusu hilo. Nasema tu kwamba leo nimekuja studio kwa miguu.

Kwa nini nyayo? Alilieleza siku ya kwanza kabisa ya blogu yake, na maneno hayo hayajaondolewa hadi leo. "Mama yangu alizikwa na mguu mmoja. Dada yangu hakuzikwa na hata mmoja. Mimi nimepimwa, nina kisukari kama wao. Lengo langu namba moja: nizikwe na miguu yangu miwili."

Hilo ndilo lilikuwa lengo namba moja. Nizikwe na miguu yangu miwili. Chini yake aliandika mengine. Kutembea hadi bandarini Salelologa na kurudi, kila siku isipokuwa Jumapili. Kakao bila sukari. Na lengo namba nne, blogu iingize tala mia tatu kwa mwezi, ili nauli ya meli kwenda kliniki Apia asiwaombe watoto wake walioko Auckland. Alikuwa na kiburi hicho, Mungu amrehemu. Alisema mtoto anayetuma pesa ya nauli anatuma na mawaidha ndani yake.

Binti yake Salafai ndiye aliyemfungulia blogu. Ananiambia kwa simu, "Nilimwambia mama, weka malengo lakini pesa usiweke, watu watakusema. Akanijibu, kanisani kila Jumapili sadaka inasomwa kwa jina na kwa kiasi, hakuna aliyekufa. Nitajisoma mwenyewe."

Na akajisoma. Ngoja niwasomee ya wiki moja ya mwanzo. "Sukari kumi na moja. Nimetembea siku tano kati ya sita. Blogu imeingiza tala nne. Nimekula maandazi matatu kwa mchungaji. Msinihukumu, mke wake alikuwa ananitazama."

Tala nne. Lakini watu walisoma. Mwenye kisukari anajua aibu ya kujificha, na hapa alikuwapo mtu asiyejificha. Walisoma Apia, wakasoma Auckland na Sydney. Kuna wanaume wa nchi za mbali nao walizipenda zile picha, wakaandika mambo ambayo siwezi kuyasoma hewani. Lupesina alisema nao matangazo wanayaona, waje tu. Matangazo yakaanza kulipa. Duka moja la Auckland linalouza ndala laini likawa linamlipa kila msomaji wake anaponunua. Mwaka wa pili akazifikisha tala mia tatu. Akaandika, "Lengo namba nne limetimia. Salafai, sasa nipigie simu unisalimie tu."

Na picha, nani alipiga? Huwezi kujipiga picha ya nyayo mwenyewe, jaribuni muone. Alipiga mume wake, shemasi Tavita. Mzee mpole, mwenye haya kuliko wote kanisani. Kila Jumapili alipiga magoti na simu, amevaa shati jeupe la ibada, huku majirani wanachungulia kutoka pande zote, maana nyumba zetu mnazijua, hazina kuta.

"Mwanzoni nilifumba macho," Tavita aliniambia. "Picha zikawa zinatoka za mkeka. Akaniambia, mzee, umeishi na miguu hii miaka thelathini, leo ndiyo unaionea haya?"

Wasikilizaji wapendwa, ningeweza kuishia hapo, mkasema alikuwa mama hodari, tukapiga wimbo. Lakini Lupesina hakupenda kusifiwa nusunusu. Lazima niseme na la chai.

Mwaka wa tano, lengo la mwaka lilikuwa tangi la maji. Alibakiza tala elfu mbili na mia tano. Ikaja kampuni moja ya chai ya majani. Jina silitaji, na chai yenyewe haipo tena. Wakamwambia, tutakulipa elfu tatu, andika sentensi moja tu. Chai alikuwa ameionja. Sukari wiki ile ilikuwa imeshuka, lakini ilishuka kwa vidonge na kwa kutembea, na yeye alijua hivyo. Akaandika sentensi yenyewe. "Chai hii imeshusha sukari yangu."

Sentensi moja. Tangi likaja, la kijani, likasimama kando ya nyumba.

Miezi minne baadaye ikaja barua kutoka Asau, kule mwisho wa barabara. Iliandikwa na kaka wa mwanamke mmoja, Nuusila Pauga. Barua ilikuwa fupi. "Dada yangu anakusoma kila Jumapili. Aliacha vidonge, akanywa chai yako. Wiki iliyopita wamemkata mguu wa kushoto. Nimeona ujue." Hakuomba kitu. Hakutukana.

Jumapili mbili blogu ikanyamaza. Jumatatu, Lupesina akautoa mkeka wa mama yake, ule mwembamba kama kitambaa, wa heshima, unaotolewa kwa mazishi na harusi. Tavita akamuuliza unakwenda wapi nao. Akasema, "Asau. Nakwenda kuketi."

Kuketi, mnajua. Kuketi umejifunika mkeka mbele ya nyumba ya uliyemkosea, ukisubiri wakusamehe au wakufanye watakalo. Ni jambo la damu hilo. Wazee wa Malaefou walishangaa. Mmoja akasema, "Mama, watu huketi kwa kuua. Wewe unaketi kwa chai?" Lupesina akamjibu, "Kuna mguu umezikwa kule, mzee. Nani aliuua?"

Tavita alikataa kwenda. Alisema ni aibu juu ya aibu. Halafu asubuhi basi lilipokuja, akapanda yeye wa kwanza.

Wakaketi mbele ya nyumba ya Nuusila, mke na mume, chini ya mkeka mmoja. Wakaketi tangu saa mbili asubuhi. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Hakuna aliyesema nao. Jua la Asau mnalijua. Karibu saa sita wakasikia magongo juu ya kokoto.

Yaliyosemwa hapo nimeyapata kwa Nuusila mwenyewe, na ameniruhusu niyaseme.

Aliuliza, "Wewe ndiye wa chai?"

Sauti ikatoka chini ya mkeka, "Ndiye mimi."

"Na huyo mwingine?"

"Mume wangu. Yeye ni wa picha."

"Toeni huo mkeka. Mtakufa kwa joto, kisha nionekane mbaya mimi." Kaka yake akauinua. Nuusila akamtazama Lupesina jinsi alivyokunja miguu kwa adabu. Akamwambia, "Nyosha miguu."

Lupesina akasita. Mbele ya nyumba ya watu? Mbele ya mtu aliyemkosea?

"Nyosha, dada. Nimeitazama kila Jumapili kwenye simu. Nataka kuiona kwa macho yangu."

Akainyoosha. Nuusila akaziangalia zile nyayo, ya kulia, kisha ya kushoto. Halafu akasema, "Mizima. Basi itunze. Ikikatwa na hiyo, wangu nitakuwa nimeutoa bure. Haya ingieni, mashelisheli yanapoa."

Nimeendesha vipindi vya kumbukumbu miaka kumi na tisa, na bado sijui mimi ningesema nini mahali pa Nuusila.

Lupesina aliporudi hakuifuta ile sentensi. Aliandika juu yake kwa herufi kubwa, "HUU NI UONGO WANGU. NILILIPWA TALA ELFU TATU. MTU AMEPOTEZA MGUU." Tangi akamuuzia jirani, akaongeza na akiba yake yote, zikaenda kwenye mguu wa bandia wa Nuusila. Yeye akachota maji kwa ndoo miaka miwili zaidi. Wasomaji wakakimbia. Blogu iliyoingiza mia nne ikaingiza kumi na tano. Naye kila Jumapili akaandika hivyo hivyo. Kumi na tano. Tisa. Kumi na mbili.

Kisha Jumapili moja ikatoka picha yenye nyayo tatu.

Nuusila alikuwa amekuja kwa basi. Walikaa bega kwa bega, na chini ya picha yeye ndiye aliyeandika. "Mimi ndiye wa mguu. Nimemsamehe, ila sijamwachia. Kuanzia leo hakuna tangazo linaloingia hapa bila mimi kulipitisha."

Na hakuna lililoingia. Msomaji haogopi mtu aliyewahi kukosea, anaogopa asiyesema. Watu wakarudi, na wengine wapya wakaja. Ndipo wakaandika lengo jipya, la wawili. Vioo. Vioo vidogo vya kuweka sakafuni, mtu aone nyayo zake bila kumpigisha magoti shemasi. Nusu ya kila tala iliyoingia ilinunua vioo. Hadi mwezi uliopita walikuwa wamegawa vioo mia tisa na sitini, hapa Savai'i na kule kisiwa cha Upolu. Kimoja kiko chini ya meza hii.

Alhamisi ya wiki iliyopita Lupesina alitembea hadi bandarini na kurudi. Akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akamwambia mume wake, "Mzee, naomba maji." Tavita alipofika na kikombe, moyo ulikuwa umesimama. Haukuwa mguu, wasikilizaji wapendwa. Ulikuwa moyo.

Walipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza haikupatikana. Tavita alikaa na simu yake, anatafuta na kutafuta. Akaniambia, "Malaki, nimempiga picha zaidi ya mia tano. Uso wake sina hata mmoja." Akacheka, kisha hakucheka tena. Nami nikalia naye, sioni sababu ya kuficha.

Wanawake walipomwosha, Nuusila aliomba miguu aioshe yeye. Na Jumapili, siku moja baada ya mazishi, blogu ikatoka kama kawaida. Haikuwa na picha, na aliyeandika ni Nuusila. Nawasomea yote.

"Wiki hii sukari haikupimwa. Alitembea siku nne, mpaka Alhamisi yenyewe. Pesa iliyoingia sijaitazama. Lengo namba moja ni lile ambalo mwenyewe asingeweza kulitia alama ya vyema, kwa hiyo aliniachia mimi. Nimeangalia kulia, nimeangalia kushoto. Limetimia."

Kwa shemasi Tavita, kwa Salafai na ndugu zake wa Auckland, na kwa dada Nuusila kule Asau, tunawapa pole, sisi wa redio hii na wote wanaotusikiliza. Mungu amlaze pema. Wakubwa walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu hakuficha, na kifo kilipokuja hakikupata la kumuumbua.

Na sasa, wasikilizaji wapendwa, najua wengi mmekaa mikekani, mmekunja miguu kwa adabu. Leo nawaomba ruhusa ya kukosa adabu kidogo. Inyoosheni. Mke amtazame mume, mtoto amtazame bibi. Kulia, kisha kushoto, na katikati ya vidole.

Mimi viatu nimeshavua. Kioo kipo sakafuni. Nawasubiri.