Gadi Naftaly Andati na Watoto Aliowarudisha Shule

"Watoto wa Makongeni nzima umewarudisha shule, Baba Mulama, na huyu wako anakufulia soksi," Nyanya Asenath alikuwa akisema, naye Babu akajibu kutoka kitandani kwamba mzigo hauendi bila gadi, na gadi mguu wake haujapona.

"Shule iko hapo tu. Hata kuku wa Mama Wacera hufika huko peke yake."

"Kuku hapokelewi kwa sahihi."

Wapendwa waombolezaji, ndugu, majirani na wafanyakazi wa reli, mnisamehe kwa kuanza historia ya marehemu na ugomvi, lakini huo ndio uliokuwa wao wa mwisho, tarehe 9 Mei 1983, na Nyanya ameagiza niusome kwanza, kwa kuwa aliyekuwa akigombaniwa ni mimi, Lydiah, mjukuu wao, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, niliyepewa kazi hii kwa sababu mjomba Mulama anasema akisoma yeye atalia.

Marehemu Naftaly Andati alizaliwa Butere mwaka 1918, siku ambayo hakuna aliyeiandika, kwa hiyo alijichagulia tarehe 1 Aprili, ambayo ndiyo siku aliyoajiriwa na reli, akisema kwamba kabla ya hapo alikuwa akisubiri tu.

Alianza shule Butere mwaka 1928, akafika darasa la tatu, akatolewa ili achunge ng'ombe, na baada ya miaka miwili alipotaka kurudi alisimama nje ya ua wa shule asubuhi tatu mfululizo, akiwa amenawa uso na kushika kibao chake cha kuandikia, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia ingia, asubuhi ya nne hakwenda.

Tarehe 1 Aprili 1940 aliajiriwa na reli, akapanda cheo hadi kuwa gadi, yaani yule anayekaa katika behewa la mwisho na bendera ya kijani na filimbi, ambaye mzigo wowote ukifika stesheni hauachi mpaka anayeupokea atie sahihi. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1973, na hakupoteza mzigo hata mmoja, isipokuwa mbuzi wa Nakuru, ambaye mpaka leo asubuhi familia inashikilia kwamba alishuka mwenyewe.

Alifunga ndoa kanisani na Asenath tarehe 16 Desemba 1944, wakajaliwa watoto watano, wanne wako hapa mbele yenu, na wa tano alikuwa mama yangu, aliyefariki mwaka 1979, nikaletwa huku mtaa wa reli wa Makongeni nilelewe nao katika nyumba ya mjomba Mulama, ambaye naye ni mtu wa reli.

Baada ya kustaafu, Babu alikaa wiki tano bila la kufanya, Nyanya akachoka kumwona akitazama saa, ndipo siku moja mwezi Februari 1974 Babu aliposikia kwamba Kinyanjui wa Mama Wacera, jirani yetu, amepona surua lakini anaona haya kurudi darasani. Alivaa kofia yake ya ugadi, akapiga filimbi mlangoni, akamshika Kinyanjui mkono hadi ofisi ya mwalimu mkuu, Mwalimu Mativo, akafungua daftari aliloandika jina la mtoto, tarehe, na hali ya mzigo, kamili, haukuvunjika, akamwambia atie sahihi. Mwalimu Mativo alicheka, akatia, na tangu siku hiyo mzazi aliyeshindwa na mtoto mtoro, au mgonjwa aliyepona, au aliyekuwa akimlea mdogo wake, alimwita Babu, naye aliniambia kwamba mtoto hukawia si kwa kukataa shule, bali kwa kuuogopa ule mlango.

Alikosea mara moja tu. Tarehe 10 Juni 1980 alimkuta mtu mfupi mwenye kaptura amekaa kizingitini kwa jirani saa tatu asubuhi, hakumpa nafasi ya kujieleza, akamfikisha darasa la tano, na mwalimu mgeni akamtilia sahihi, kumbe huyo alikuwa Kabiru, fundi viatu wa mtaa wa Baba Dogo, mwenye miaka ishirini na miwili na mke, aliyekuja kumsalimia shangazi yake. Kabiru alikaa mpaka maziwa yalipogawiwa, akafanya na mtihani wa hesabu, akawa wa thelathini na nne kati ya arobaini. Nyanya alipomtaka Babu amfute daftarini, alikataa, akisema sahihi ni sahihi, na Kabiru, aliyeketi pale nyuma, alijiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, mwaka huohuo, na barua ya rambirambi mliyosikia ameiandika kwa mkono wake.

Januari 1982 kisukari kilimpata mguuni, nikaacha darasa la sita, nikabaki nyumbani kumfunga kidonda, nikisema ni kwa wiki moja, na wiki ile imefika mwaka na miezi minne, kwa sababu kila muhula ukifunguliwa aliagiza kofia yake, akajaribu kusimama, akakaa tena, wala hakukubali mtu mwingine anipeleke. Alifariki hospitalini tarehe 30 Mei 1983, saa nne asubuhi, na katika ukurasa wa mwisho wa daftari tumekuta jina langu, na hali, kamili, na pa sahihi pako wazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia filimbi wodini, majirani, hasa Mama Wacera, wafanyakazi wa reli, na Mwalimu Mativo. Upumzike sasa, Babu, zamu yako umeimaliza vizuri.

Nilikuwa nimeishia hapo, lakini leo nikitoka na karatasi hizi nilimkuta Nyanya mlangoni, amevaa kofia ya Babu juu ya kitambaa cheusi, nikamwambia kwamba wa darasa la sita sasa ni wadogo sana kwangu, na kwamba labda nimechelewa, naye akanitazama viatu, akasema, "Jumatatu, tarehe kumi na tatu, saa moja na nusu asubuhi, na huyo Mativo aje na kalamu."