Mama Odile wa Kitambaa cha Mguuni

Wapendwa mliokuja kulia nasi, jamaa ya baba yetu Papa Adalbert, kwa kinywa cha Bertin, kitinda mimba wake, inawasomea maisha ya dada yetu Odile Kisimba, bila kumpamba, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Alizaliwa Kirungu, kwenye baridi ya milima ya Marungu, tarehe 14 Machi 1966, akasoma shule ya msingi huko huko, akishuka kilima na kupanda kingine peku, kisha akaletwa Kalemie kusomea uuguzi, akapata diploma Julai 1987, na mwezi uliofuata akaanza kazi maternite, wodi ya uzazi. Tarehe 5 Mei 1990 aliolewa na Papa Célestin, fundi kwenye kituo cha umeme cha Bendera, aliyetutoka mwaka 2011, na Mungu aliwajalia Wilfried na Fanny.

Katika chumba cha watoto wachanga ilikuwa desturi, mama akipasukiwa na chupa ya uzazi mapema au akijifungua na homa, mtoto achomwe sindano za antibiotiki siku nyingi, awe mgonjwa au mzima. Mwaka 2019 Mama Odile na Daktari Banza walishika njia nyingine: mwenye dalili atibiwe mara moja, lakini anayenyonya vizuri, mwenye joto la kawaida na pumzi tulivu, aangaliwe kwa karibu bila sindano, maana dawa ikitumiwa ovyo vijidudu huizoea. Ili wenzake wa zamu wamtambue mtoto huyo, alimfunga mguuni kipande cha kitenge chekundu.

Wamama wakaona kwamba mwenye kitambaa hachomwi, wakasema huyo ametupwa. Mama Odile akienda misa wanakifungua, muuguzi wa zamu anakuta mguu mtupu, anachoma. Alivifunga tena, vikafunguliwa tena, wakamwita Mama Mchoyo, jina lililomuuma sana. Novemba 2022 kitambaa kilifunguliwa mguuni mwa mjukuu wake mwenyewe, na mkono uliokifungua ulikuwa wa Fanny, mama wa mtoto. Hakumgombeza, alirudi nyumbani akalala bila kula. Alipostaafu mwaka uliofuata, vitambaa navyo vikaisha.

Aprili mwaka huu wa 2025, maji ya ziwa yalipoingia nyumbani, bati lilimkata mguu, kidonda kikaoza, sumu ikaingia damuni. Alipewa dawa ya kwanza, ya pili, na ile ya mwisho ambayo Wilfried aliivukia ziwa mpaka Kigoma, zote zikagonga mwamba. Daktari Banza alipomwambia ukweli, kwamba vijidudu vimezizoea dawa zote, alisema, "Hizi dawa tulizimaliza nguvu kwa watoto wenye hawakukuwa wagonjwa." Fanny alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Ndiye aliyemfumba macho, tarehe 9 Juni.

Tunamshukuru Daktari Banza, majirani waliolala nasi uwanjani, wamama wa kwaya, na wauguzi wenzake, ambao wameomba ruhusa ya kuondoka mapema, kwa sababu saa ya sindano imekaribia, na siku hizi watoto wote chumbani wanachomwa.

Dada, Fanny amekufunga kitambaa chekundu mguuni. Lala sasa, hakuna atakayekifungua.