Jiko la Kwenda London

Ndani ya basi la Subukia, Saad alipakata jiko jipya. Alikuwa anakwenda kupanda gari moshi Nakuru, kisha meli, akasome London.

"La nini hilo?" akauliza bibi aliyeketi kando yake.

"La baridi, nyanya. Nitafunga dirisha, niwashe makaa, nilale."

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu hunipasha joto, nikijifungia naye, siamki."

Saad akawaza mpaka basi likapita kituo cha Bahati, huku abiria wote wakijua jibu. "Nimeshindwa. Chukua mji: London!"

"Nilifika London, nikala, nikanywa. Wakaniuliza, 'Kijana wa Subukia mbona haamki?' Nikawajibu, 'Amejifungia na makaa.'"

"Nyanya, nirudishie mji wangu!"

"Niachie jiko kwanza."

"Mama ndiye aliyelinunua, atalia!"

"Heri alilie jiko."

Basi likasimama Nakuru, kila mmoja ameng'ang'ania mshikio wake wa jiko.